Nyawira, Mafundi Wamerudi Kubishana

Nyawira rafiki yangu,

Mvua imeanza asubuhi hii hapa Nyeri, ile ya kweli, na simu ya ofisi imenyamaza. Unawajua wateja wetu: ikinyesha, hakuna anayekumbuka kwamba ana pampu. Mafundi wako stoo wanapanga mabomba na kupiga kelele, nami nimekaa kwenye meza yako. Nilihamia upande huu kwa sababu jua la asubuhi linaingia kwa dirisha hili tu, na kwa sababu kiti changu kilivunjika mguu. Usianze kufikiri nimegeuza ofisi kuwa makumbusho.

Nimekuwa nikikuambia mambo vipande vipande, nikiendesha gari peke yangu kati ya Karatina na Sagana. Lakini habari ya sauti yako sijawahi kukueleza mwanzo hadi mwisho. Leo nina nafasi.

Ulipotuacha, ile baridi ya Julai, Mumbi alikataa kuizima simu yako. Binti yako alikaa nayo kwenye mfuko wa sweta hata siku ya mazishi pale Kianyaga, na ilikuwa inalia tukiwa bado tunapokea wageni. Wakulima wengine hawakuwa na habari. Mumbi aliwaambia kwa upole kwamba mama hayuko tena. Walimpa pole, wengine wakalia kabisa, halafu baada ya kitambo wakauliza nani sasa ataangalia pampu. Sikuwakasirikia. Nyanya zao zilikuwa zinakauka.

Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo. Tulipoanzisha biashara hii tuligawana kazi bila kuandikiana: mimi wateja, mizigo na benki, wewe maji. Nilijua kuuza pampu. Wewe ulijua mahali inapokwenda kuishi. Ulijua chemchemi ipi inatoa tope mvua ikizidi, kisima gani kina mawe ya kukata nyaya, mkulima yupi atakuambia kisima chake ni kirefu kuliko kilivyo kwa sababu ya fahari tu. Yote hayo yalikuwa kichwani mwako, na kichwa chako tulikuwa tumekifunika kwa udongo.

Si kwamba hatukuwa tumejaribu. Unakumbuka zile tableti tulizonunua, kila fundi awe anaandika alichokikuta na alichokifanya? Tulidhani tukiwa na mtambo basi tutakuwa na maarifa. Baada ya miezi kadhaa ukatusomea kwa sauti kile kilichokuwa kimeandikwa: kazi imekamilika, mteja ameridhika. Kazi imekamilika, mteja ameridhika. Hata pale Skuta, ambapo pampu iliwaka moto na mwenye nyumba akatufukuza, mteja ameridhika. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukaniambia neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Hawa hawana shida ya kuandika, Gathoni. Shida ni kuandika ukiwa umesimama kwa matope."

Ndipo ukawaruhusu watume ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu. Fundi anauliza, wewe unajibu. Uliwajibu ukipika, ukiwa sokoni, ukiwa kanisani umetoka nje kidogo. Uliwajibu hata kitandani hospitalini, pumzi ikiwa fupi, ukimwomba muuguzi akuachie simu dakika moja tu. Sikujua wakati ule kwamba tulikuwa tunakurekodi. Nilifikiri tunafanya kazi.

Mumbi ndiye aliyeona. Alikuja kwetu kwa mafunzo ya kazini ambayo chuo kinawataka wafanye, na nilifurahi kwa sababu nilitaka awe karibu. Akakusanya ujumbe wako wote kutoka kwa simu za mafundi, akaugeuza kuwa maandishi, akailisha ile akili bandia ambayo siku hizi kila mtu anaizungumzia redioni. Fundi akiwa kazini angeuliza kwa simu yake, na mtambo ungetafuta jibu katika yale uliyowahi kusema. Ulikuwa ufundi mzuri, Nyawira. Ungejivuna mbele ya watu halafu umsahihishe mkiwa wawili.

Asubuhi moja alituita sote ofisini. Alisema ameongeza kitu. Akamwambia Kariuki aulize swali lolote. Kariuki, ambaye alifanya kazi na wewe tangu tukiwa na pikipiki moja, aliuliza kuhusu pampu ya sola inayozimika mchana jua likiwa kali. Na ukajibu. Si maandishi. Wewe. Ile sauti yako yenye mkwaruzo kidogo, na ile "haya basi, sikiza" unayoanza nayo kila wakati.

Kariuki alivua kofia. Alisimama tu, kofia mkononi, halafu akatoka akaenda kuegemea gari. Mimi nililia, sitakuficha. Mumbi alikuwa anatuangalia kwa zamu, macho yake makubwa, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Tungemwambia nini? Nilimkumbatia, nikasema ni kazi nzuri, na nilimaanisha.

Kwa muda mambo yalikwenda. Huko Sagana fundi mgeni kabisa alitengeneza pampu ya mto kwa kukusikiliza wewe. Simu za wateja wenye hasira zilipungua. Nilianza kulala. Na kuna kitu kilichokuwa kinabadilika ambacho sikukitambua kwa sababu kilikuja na utulivu: mafundi waliacha kubishana. Unakumbuka Jumatatu zetu zilivyokuwa, Kariuki na wewe mnagombana juu ya bomba mpaka chai inapoa. Sasa kila mtu alikuwa anaingia, anachukua kazi zake, anaondoka. Niliona ni nidhamu.

Ukaja ukame wa Januari, na Haji, yule mteja wetu mfugaji, akapiga simu.

Haji alikuja kukuzika. Sijui kama unajua hilo. Alitoka Nanyuki alfajiri na wanawe, akasimama nyuma kabisa na kanzu yake nyeupe, na watu wa Kianyaga wakawa wanaulizana ni nani. Alimwambia mama yako kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza kumpa maji bila kutaka kumuuzia kitu kingine juu yake. Sasa alikuwa anasema kisima chake kinatoa maji asubuhi tu, na kufika saa za mchana pampu inavuta hewa. Ng'ombe na mbuzi wa kwake walikuwepo, na wafugaji wengine walikuwa wameshuka na mifugo yao kwa sababu huko walikotoka kumekauka. Alizungumza polepole kama kawaida yake, lakini nilisikia ng'ombe nyuma yake, na hawakuwa wanalia kama ng'ombe walioshiba.

Nilimtuma Kariuki na wenzake, Mumbi akafuatana nao. Walipofika wakakuuliza. Ukajibu kwamba kwa Haji maji yakishuka wasihangaike, waongeze bomba, washushe pampu chini zaidi, wajaribu tena. Yalikuwa maneno yako, hapakuwa na hata moja la kubuni. Ulikuwa umeyasema mwaka mwingine, katika ukame mwingine.

Wakaongeza bomba. Wakashusha. Pampu ikaingia kwenye mchanga, ikanguruma kidogo, ikanasa. Walipojaribu kuivuta haikusogea. Hata yale maji kidogo yaliyokuwa yanapatikana asubuhi yakakatika.

Mimi nilifika alasiri hiyo. Sitaki kukuelezea sana. Tulitafuta lori la maji Nanyuki, likapatikana, likawa halitoshi, tukatafuta jingine. Mifugo ilikuwa imejazana kwenye birika tupu ikilamba saruji. Siku tulizochukua kuitoa ile pampu kwa winchi na kusafisha kisima, wazee wa wafugaji walikuwa wamekaa kando wakituangalia. Ndama wachache hawakusimama tena. Mumbi aliwaona. Alikuwa amekaa kwenye jiwe na simu yake mkononi, haiangalii.

Haji hakupandisha sauti. Tukiwa tumesimama karibu na tangi aliniambia: "Mama, mashine sina ubaya nayo. Mimi pia natumia simu kuuza ng'ombe. Lakini Nyawira akifika hapa, kwanza alikuwa ananiuliza maji yamekuwa na rangi gani wiki hii. Safari hii hakuna mtu aliniuliza." Kisha akatuletea chai, mimi na mafundi wote, na alimmiminia Mumbi mwenyewe.

Jioni ile, jua likizama upande wa Laikipia, nilimkuta Kariuki akiosha mikono. Nilimuuliza kama maji yale hayakuwa na dalili yoyote. Akasema yalikuwa na mchanga, aliuona kwenye kiganja mara tu alipofika. Akasema mara ya mwisho mlipokuja naye hapo alikubishia, mkapima chini kwa kamba, mkakuta mchanga umepanda, na wewe ulisema siku nyingine tusithubutu kushusha pampu kabla ya kusafisha. Mlilisema mkinywa chai, hakuna simu iliyokuwa wazi.

"Kwa hivyo ulijua," nikamwambia.

"Nilijua. Lakini ni yeye alikuwa anasema." Alijipangusa mikono kwenye suruali, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Akiwa hai nilikuwa nabishana na yeye kila siku. Sasa ningebishana aje na yeye?"

Niliendesha gari kurudi nikipita Naro Moru na maneno hayo kichwani. Katika miaka yetu yote pamoja, nilikuwa nikidhani ulichokuwa nacho ni majibu. Nilihesabu ni mali, kama pampu zilizo stoo, na hofu yangu ilikuwa ni kuyapoteza. Kumbe majibu uliyabadilisha kila mara, bila aibu yoyote, mtu akikuonyesha kitu kipya. Ulibadilisha hili la Haji kwa sababu Kariuki alikubishia. Na sisi tulikuwa tumechukua mtu aliyependa kubishiwa kuliko wote ninaowajua tukamfanya mtu asiyeweza kubishiwa.

Kesho yake nilimwambia Mumbi tunaiondoa sauti. Alisema, kwa adabu, kwamba tatizo si sauti. Habari ilikuwa ya zamani, na hilo linarekebishika. Ataupa mtambo tarehe, uwe unapendelea maneno ya karibuni. Kiufundi alikuwa sawa. Nilimweleza alichosema Kariuki. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Anti, nikiizima atakuwa ameenda mara ya pili." Hilo halikuwa swali la biashara, na mimi nilikuwa nimekuja na jibu la biashara.

Sikumlazimisha. Mafundi waliacha kuitumia wenyewe, bila mtu kuwaambia, na yeye alijua. Jumapili tukaenda Kianyaga kumwona mama yako. Mumbi alitaka bibi yake asikie. Nilitaka kumzuia, nikaona sina haki hiyo.

Mama yako alikuwa ameketi jikoni akichambua maharagwe. Mumbi akamweleza kwa Kikuyu kwamba amefanya kitu kinachoongea kama mama, asiogope. Akaigusa simu. Ukasema, "Haya basi, sikiza. Ni kisima gani?" Mumbi akataja kimoja cha jirani, ukaeleza habari za nyaya na swichi, vizuri, kwa urefu. Mama yako alisikiliza kichwa kimeinama, mikono imetulia kwenye ungo. Ulipomaliza akasema kwamba ni sauti yako, hakuna ubishi. "Lakini Nyawira," akasema, "hangeingia jikoni humu bila kuniuliza kama nimekula."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayemsahihisha mtoto jina la jamaa. Kisha akainuka kuongeza kuni.

Mumbi alilia. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya kaburi. Siku ile alikuwa anapokea simu. Mama yako alimvuta, akamlaza mapajani kati ya maharagwe na ungo, na mimi nikatoka nje kuangalia migomba ambayo sikuwa na haja ya kuiangalia. Tulipokuwa tunaondoka, kabla sijawasha gari, mtoto wako aliifuta ile sauti mwenyewe. Aliniambia tu, "Tayari." Tukashuka mpaka lami.

Ujumbe wako wenyewe, ule wa kweli, haukufutwa. Uko kwa Mumbi, na kuna nakala kwa mama yako ingawa hajaomba kuusikia. Mimi nilijichagulia mmoja tu. Ulisahau kuzima simu baada ya kumjibu fundi, na kwa muda mrefu unasikika ukibishana na mwanamke wa maparachichi kando ya barabara, unamwambia hayajaiva, anakuambia yataiva, unamwambia hata wewe utaiva, mnacheka. Hakuna pampu ndani yake. Huo ndio nausikiliza.

Mtambo bado tunao. Mumbi aliujenga upya kabla ya kurudi chuoni, baada ya kuzunguka na Kariuki karibu kila kazi, akishika tochi na kamba. Sasa unaandika tu. Na kabla ya kumpa fundi neno lolote la zamani unamuuliza ameona nini: maji yana rangi gani, mwenye shamba anasemaje, nini kimebadilika. Akishajibu ndipo unamwonyesha nani aliwahi kusema nini mahali hapo, na kama kuna mwingine aliyempinga, naye yumo na sababu zake. Kariuki anaujaza kwa mapingamizi. Mengine ni ya kukupinga wewe. Anayasema kwa sauti kwenye simu akiwa kwenye matope, na Mumbi aliweka namna ya kuyageuza yawe maandishi, kwa hivyo hayo maneno yako ya matope yalifika mahali.

Jumatatu tumerudisha chai. Kila mtu analeta kazi moja iliyomshinda, si iliyomwendea vizuri. Mwanzoni walikuwa wananiangalia mimi kama nitakasirika, kwa hivyo nilianza na yangu: mteja niliyemuuzia pampu kubwa kuliko kisima chake kwa sababu niliambiwa urefu na sikuuliza kama umepimwa. Kariuki alinisikiliza, akaniambia mbele ya wote, "Hapo madam ulikosea kwa kitu ingine kabisa." Akaeleza. Nusu alikuwa sawa. Ile nusu nyingine tumebishana mpaka leo, na ndizo kelele hizi ninazozisikia sasa kutoka stoo, kwa sababu wenzake wameingilia na kila mtu ana upande wake.

Haji bado ni wetu. Nilikwenda kwake tena mwezi uliopita, nikamuuliza kuhusu rangi ya maji kabla sijaketi. Alitabasamu, akanipeleka mwenyewe mpaka birikani.

Bado kuna siku ninakukosa kwa namna isiyo na msaada wowote. Mtu anasema jambo la kipuuzi kwenye mkutano na ninageuka kutafuta jicho lako. Bei ya mabomba inapanda na hakuna wa kulaani naye. Watu wananiambia biashara imesimama imara, na ni kweli imesimama, na ninaporudi nyumbani nikiwa na habari njema ninaishika tu. Hilo hakuna mtambo nitakaouomba. Nitaendelea kulibeba.

Kesho, mvua ikiruhusu, nakwenda na Kariuki juu ya Kianyaga, karibu na msitu, ambapo kikundi cha akina mama wa chai wamepata chemchemi bondeni na wanataka kupandisha maji mpaka nyumbani kwao. Nitavaa gambuti zangu mwenyewe. Siku hizi ninazo. Ni mahali ambapo hukufika. Nimetafuta, hakuna neno lako hata moja juu ya kilima hicho, wala la mtu mwingine. Tutafika, tutawauliza hao akina mama, tutapima, tutabishana, tutapima tena.

Nakuahidi kwamba hakuna atakayefanya kazi na sisi akaogopa kusema alichokiona, hata akiwa anampinga Kariuki, au mimi, au wewe. Na Mumbi nitamwangalia, hilo hukuhitaji kuniomba.

Pumzika sasa, Nyawira. Ulijibu simu mpaka pumzi ya mwisho. Kesho hatutakupigia.

Wako,
Gathoni